Je, Wayahudi walimtoa Shetani kwa Waajemi? Na wanaionaje imani ya mungu mwema na mungu mbaya?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia kuna kijana kaja na hoja kwamba Wayahudi kabla ya kupelekwa Babeli hawakuwa na Shetani, eti walimtoa kwa Wazoroasta wa Uajemi ambao wanaamini kuna mungu mwema na mungu mbaya wanapigana. Ni kweli? Na Uyahudi wenyewe unaionaje hiyo imani, wanaikubali, wanaikataa au wamechukua nusu? Naomba unifafanulie kwa urefu, nimeshindwa kumjibu."

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hamjagombana, manake hii mada nimeiona ikivunja vikundi vya watu waliokuwa wanasoma pamoja vizuri tu.

Jibu fupi kwanza. Uyahudi umeikataa ile imani, tena waziwazi, kuanzia kwa nabii Isaya mpaka kwenye Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi, mpaka kwenye sala wanayoisali kila asubuhi hadi leo. Lakini Wayahudi wa Babeli wameishi chini ya Waajemi, ukitoa kile kipindi cha Wagiriki, karibu miaka elfu moja, kuanzia Koreshi alipoiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo mpaka Waarabu walipouangusha utawala wa Wasasani, wafalme wa mwisho wa Kiajemi kabla ya Uislamu, mwaka 651, na huwezi kukaa na jirani muda wote huo usiokote kitu kwake. Majina yameingia, picha zimeingia, maneno yameingia. Ila kila kilichoingia kilivuliwa cheo mlangoni, kikaambiwa hapa bosi ni mmoja. Hiyo ndo hoja yangu, yanayofuata ni kukuonyesha tu ilivyokuwa.

Tuanze na Wazoroasta wenyewe, kwasababu kijana wenu anawaeleza kwa haraka mno. (Na usidhani ni watu wa mbali sana na sisi. Wale mamajusi wa mashariki kwenye Mathayo 2, jina lao ni hilihili la makuhani wa Kiajemi, magu, na Qurani nayo inawataja Majusi. Mwaka Kogwa wa kule Makunduchi unatokana na Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Na Unguja Waparsi, yani Wazoroasta waliotoka India, wameishi kabisa, ndo jamii aliyozaliwa Freddie Mercury mwaka 1946.)

Zarathustra, mwanzilishi wa dini yao, alikuwa kuhani na mshairi wa upande wa mashariki wa nchi za Kiirani, zamani sana, na tungo zake 17 zinazoitwa Gatha bado zinasomwa kwenye ibada. Kwenye utungo mmoja, Yasna 30, anasema mwanzoni kulikuwa na roho mbili, mapacha, moja ikachagua jema na nyingine ikachagua baya, kwa wazo, kwa neno na kwa tendo. Mungu anayeabudiwa ni Ahura Mazda, Bwana mwenye hekima. Roho mbaya ni Angra Mainyu, ambaye baadaye akaitwa Ahriman. Sasa vitabu vya baadaye vya Kipahlavi, yani Kiajemi cha zamani, vingi vikiwa vya karne ya 9, vikaipanua hii stori: Ahura Mazda, kwa jina la baadaye Ohrmazd, yuko juu kwenye nuru, Ahriman yuko chini gizani, katikati ni utupu, halafu Ahriman akaiona nuru akaitamani akavamia. Dunia iliumbwa nzuri, haina doa, ndo ikavamiwa. Moshi ulioko kwenye moto ni wa mvamizi, chumvi ya maji ya bahari ni ya mvamizi, ugonjwa, uzee, uongo, mauti, vyote vya kwake.

Hapo kuna mambo mawili ambayo watu wanayakosea. Kwanza Ahriman haabudiwi, hana sala wala sadaka, kwaiyo kusema "wana miungu wawili" kana kwamba wanagawa ibada huku na huku ni kuwaonea. Pili, hao wawili hawalingani. Ohrmazd anajua yajayo, Ahriman anajua baada ya jambo kutokea, na mwisho wake ni kushindwa, dunia itasafishwa wafu watafufuka. Mzoroasta anayelima shamba, anayeoa, anayezaa, anayesema kweli, anapigana vita hivyo kila siku upande wa Mungu. Mwili sio mbaya kwao, dunia sio mbaya. (Wengi wanachanganya na Mani, yule wa karne ya 3 aliyefundisha kwamba mwili ni jela ya nuru. Makuhani wa Kizoroasta ndo waliochochea Mani afungwe mpaka akafia kifungoni.)

Na hii imani ina uzuri wake mkubwa, naomba usiipite haraka. Mtoto akifa, kuhani wa Kizoroasta hawezi kumwambia mama "ni mapenzi ya Mungu". Kwake hiyo sentensi ni kumtukana Mungu. Mungu hajawahi kuua mtoto wa mtu, aliyeua ni adui, na Mungu yuko upande wako. Ukishawahi kukaa msibani ukasikia watu wanarusha hilo neno la mapenzi ya Mungu hovyohovyo utaelewa kwanini mamilioni walishika imani hii kwa karne na karne.

Sasa Wayahudi. Fungua Isaya 45. Sura inaanza kwa Mungu kumwita Koreshi, mfalme wa Uajemi, masihi wake, mpakwa mafuta, mtu wa mataifa kabisa anapewa cheo hicho. Halafu mstari wa 7 unakuja kama radi: "Mimi naiumba nuru, na kulihuluku giza, mimi nafanya suluhu, na kuhuluku ubaya, mimi ni Bwana, niyatendaye hayo yote." Yani unamwambia mfalme wa Waajemi kwamba giza ni langu, ubaya ni wangu, hakuna mwingine. Rabi Saadia Gaon, aliyeongoza chuo cha mji wa Sura huko Iraki karne ya 10, aliusoma mstari huu kama jibu kwa watu wa miungu wawili, na wengi wanausoma hivo mpaka leo. Mi naongeza tahadhari moja ili kijana wenu asikukamate: Koreshi mwenyewe hajaacha maandishi yoyote yanayomtaja Ahura Mazda, ile silinda yake maarufu ya udongo inamsifu Marduki, mungu wa Babeli. Mfalme anayemtaja Ahura Mazda waziwazi ni Dario wa kwanza, kwenye mwamba wa Behistun, miaka kama 20 baadaye. Kwaiyo huwezi kuapa mahakamani kwamba Isaya 45 iliwalenga Wazoroasta kwa jina. Inatosha kusema hivi, mtu yeyote mwenye imani ya waumbaji wawili akiusoma ule mstari anajua umefunga mlango.

Haya, Shetani alitoka wapi? Kijana wenu ana chembe ya ukweli na lazima umpe haki yake. Linganisha sehemu mbili. Kwenye 2 Samweli 24 ni hasira ya Bwana iliyomsukuma Daudi awahesabu watu. Stori hiyohiyo kwenye 1 Nyakati 21, kitabu kilichoandikwa baada ya kurudi kutoka Babeli, anayemshawishi Daudi ni Shetani. Kwaiyo kuna kitu kimesogea hapo katikati, na kilisogea wakati Waajemi ndo wenye nchi. Wasomi wanaoona mkono wa Uajemi hapo hawajaota.

Lakini neno lenyewe, satan, ni la Kiebrania, lina maana ya mpinzani, mtu anayesimama njiani kukuzuia. Kwenye Hesabu 22 malaika wa Bwana anasimama mbele ya punda wa Balaamu "awe satan kwake", na yule ni malaika mwema aliyetumwa. Zekaria 3, wakati wa Dario, Shetani amesimama mkono wa kuume wa kuhani mkuu Yoshua amshitaki, yani ni mwendesha mashtaka mahakamani kwa Mungu. Na Ayubu ndo usiseme, anakuja kikaoni pamoja na wana wa Mungu, anaulizwa umetoka wapi, anaomba kibali, anawekewa mpaka, mali gusa, mwili usiguse. Ahriman angesoma sura hiyo asingejitambua hata kidogo. Ahriman haombi kibali kwa mtu.

Kwaiyo ukiniuliza walikopa nini, nitakwambia inawezekana sana walikopa ukubwa wa stori, yani ile hamu ya kumpa ubaya sura na jina na majeshi na siku ya mwisho ya hesabu. Mfano mzuri kuliko yote ni hati za Bahari ya Chumvi zilizoanza kupatikana mwaka 1947. Ile kanuni ya jumuiya yao inasema Mungu alimwekea mwanadamu roho mbili za kwenda nazo, roho ya kweli na roho ya uovu, kuna Mkuu wa Nuru na kuna Malaika wa Giza, na kila mtu ana fungu lake humo. Ukiisoma sambamba na Yasna 30 nywele zinasimama. Ila angalia nani kaziweka hizo roho. Kwa Mungu wa maarifa, inasema hati hiyo, ndiko kunakotoka yote yaliyopo na yatakayokuwepo. Roho zote mbili ni kazi ya mkono mmoja. Hata pale walipofika karibu kabisa na Waajemi, hatua ya mwisho hawakuipiga.

Au chukua Asmodeo wa kitabu cha Tobiti, yule jini aliyewaua waume saba wa Sara usiku wa harusi. Jina lake wasomi wengi wanalitoa kwa Aeshma, pepo la ghadhabu la Kiajemi, mmoja wa majemadari wa ubaya. Kwenye Talmudi, kitabu cha Gitini ukurasa wa 68, anaitwa Ashmedai, mfalme wa majini, na unajua anafanya nini kila siku? Anapanda mbinguni kusoma Torati kwenye chuo cha juu, halafu anashuka anasoma kwenye chuo cha chini. Jemadari wa Ahriman kageuzwa mwanafunzi wa Torati. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo, manake niliona jinsi dini moja inavyoweza kumchukua adui wa dini nyingine na kumkalisha darasani.

Twende kwenye maisha yenyewe sasa, kwasababu marabi wa Babeli hawakuwa wanabishana na kitabu, walikuwa wanabishana na jirani. Wasasani walishika nchi mwaka 224 na makuhani wao wakawa na nguvu. Kuhani mkuu mmoja, Kartir, ameacha maandishi kwenye mawe huko kusini mwa Irani, mojawapo karibu na makaburi ya wafalme pale Naqsh-e Rostam, anajisifu kwamba Wayahudi, Wabudha, Wakristo na wengine walipigwa katika nchi. Talmudi inakumbuka hayo kwa mlango wa nyuma, kwenye vistori vidogo. Rabba bar bar Hana alikuwa mgonjwa kitandani, wenzake wamekuja kumjulia hali, mara kaingia kuhani wa moto akaichukua taa iliyokuwa inawaka akaondoka nayo, manake moto kwao ni kitu kitakatifu na kuna siku hawakuruhusu uwake hovyo majumbani. Mgonjwa akabaki gizani, akasema, ewe Mwenye rehema, ama kivuli chako ama kivuli cha mwana wa Esau, yani bora hata Roma. Ndo hali ya mtu aliyechoka.

Lakini upande wa pili Rav Ashi, mmoja wa wakubwa kabisa waliohusika na kuikusanya Talmudi, alikuwa na msitu, akauuza kuni zake kwa hekalu la moto. Mwenzake Ravina akamuuliza, sasa wewe, si imeandikwa usiweke kikwazo mbele ya kipofu? Rav Ashi akamjibu kwamba kuni nyingi wanawashia moto wa kawaida tu. Kwaiyo maisha yalikuwa hayo, leo wanakunyang'anya taa, kesho unawauzia kuni, na katikati mnakaa mnajadili nani kaumba nini.

Na majadiliano yalikuwa makali. Kwenye Talmudi, kitabu cha Sanhedrini ukurasa wa 39, kuna Majusi anamwambia Rabi Amemar: kuanzia kiunoni kwako kwenda juu ni mali ya Hormiz (ndo Ohrmazd huyo), kuanzia kiunoni kwenda chini ni mali ya Ahriman. Yani moyo na kichwa na mdomo ni vya mungu mwema, huko chini kunakotoka uchafu ni kwa yule mwingine. Amemar akamjibu kwa swali moja: kama ndo hivo, Ahriman anamruhusuje Hormiz kupitisha maji kwenye ardhi yake?

Fikiria hilo jibu vizuri. Unakunywa maji kwa mdomo, eneo la mfalme wa kwanza, yanatokea chini, eneo la mfalme wa pili. Wafalme wawili walio vitani hawapitishiani mifereji. Mwili unafanya kazi kama nchi moja yenye serikali moja, kwaiyo mwenye mwili ni mmoja. Hakutaja andiko lolote, kaenda chooni tu akarudi na jibu. (Mzoroasta msomi angelalamika kwamba yule Majusi kaiharibu dini yake, kwao mwili wote ni wa Ohrmazd, na mi nakubaliana naye. Lakini wa mtaani ndo wanavyoelezaga dini zao, hata kwetu.)

Kuna sehemu nyingine ambayo tofauti inaonekana kwenye wadudu. Wazoroasta waliwagawa wanyama, kuna wa Mungu na kuna viumbe vibaya vya Ahriman, nyoka, nge, chura, sisimizi, na kuwaua ni thawabu. Herodoto wa Ugiriki alishaliona hilo karne ya 5 kabla ya Kristo, anasema mamajusi wanaua sisimizi na nyoka kwa mikono yao. Sasa sikia Rav Yehuda akimnukuu mwalimu wake aliyeitwa Rav, hukohuko Babeli, kwenye kitabu cha Shabati ukurasa wa 77: vyote alivyoviumba Mtakatifu katika ulimwengu wake, hakuumba hata kimoja bure. Halafu anataja, konokono ni dawa ya kidonda, nzi ni dawa ya aliyeumwa na nyigu, mbu ni dawa ya aliyeumwa na nyoka. Usimpime kwa udaktari wa leo. Mpime kwa jirani aliyekuwa naye, ambaye anapita na fimbo anaua kila anayetambaa kwa jina la Mungu, na yeye anasema acha, hata huyo mbu ana faili lake kwa Mungu yuleyule.

Hii hofu ya "mamlaka mbili", ndo jina walilolitumia, ilifika mpaka kwenye namna ya kusali. Mishna, zile sheria za marabi ambazo Talmudi inazifafanua, inasema mtu akiongoza sala akasema "tunakushukuru, tunakushukuru" mara mbili, anyamazishwe, manake inasikika kama anawashukuru wawili. Na Elisha ben Abuya, mwanachuoni mkubwa kabisa, anasimuliwa kwamba alipanda kwenye maono akamwona malaika Metatroni ameketi, akasema labda kuna mamlaka mbili mbinguni, na kuanzia hapo hawakumwita tena kwa jina, wakamwita Aheri, yule mwingine.

Sasa kama hakuna Ahriman, ubaya unakaa wapi? Marabi wanajibu unakaa ndani yako, unaitwa yetser hara, ule msukumo wa ubaya, na aliyeuweka ni Mungu. Rabi mmoja, Resh Lakish, alisema Shetani, yetser hara na malaika wa mauti ni mmoja yuleyule. Anashuka anapotosha, anapanda anashitaki, anapewa kibali anachukua roho. Ni mtumishi mwenye kazi tatu. Na hapo wanakwenda mbali zaidi kuliko Mzoroasta yeyote angevumilia, kwasababu wanasema huo msukumo una faida. Mwanzo 1 inasema Mungu aliona kila kitu ni chema sana, na midrashi, yani ufafanuzi wa marabi juu ya maandiko, inauliza, "chema sana" ni nini? Ni yetser hara. Bila huo mtu asingejenga nyumba, asingeoa, asingezaa, asingefanya biashara.

Stori yake iko kwenye Talmudi, kitabu cha Yoma ukurasa wa 69, na wameiweka enzi za Ezra na Nehemia, watu wamerudi toka Babeli chini ya Waajemi, nadhani sio bahati. Watu walifunga wakaomba wakabidhiwe msukumo wa kuabudu sanamu, ukatoka kama mwanasimba wa moto, na ulitoka wapi? Patakatifu pa Patakatifu. Sio kuzimu, sio gizani chini, ulitoka ndani kabisa ya nyumba ya Mungu. Wakaumaliza. Wakasema maadamu ni saa ya neema tuuombe na ule wa zinaa. Wakapewa, wakaonywa, mkiuua huu dunia inaisha. Wakaufunga siku tatu. Halafu wakatafuta yai bichi la siku hiyo kwa ajili ya mgonjwa, wakazunguka nchi yote ya Israeli, hamna. Kuku wameacha kutaga. Hakuna hamu, hakuna jogoo anayemfuata mtetea, hakuna yai, mgonjwa anakosa chakula. Wakautoboa macho wakauachia. Kwenye dini ya Ahriman kufungwa kwa ubaya ndo ushindi wenyewe, ndo siku ambayo dunia yote inaingojea. Hapa ubaya umefungwa siku tatu na yai limekosekana.

Lakini sitaki ufikiri Wayahudi walilipata jibu hili bure. Wanajua bei yake. Ile sala ya asubuhi kabla ya "Sikiza, Ee Israeli" inachukua mstari wa Isaya neno kwa neno, "muumba nuru na mhuluku giza, mfanya amani na mhuluku...", na hapo mwisho neno limebadilishwa. Isaya kasema ubaya. Sala inasema "vyote". Talmudi inaliongelea hilo waziwazi, kitabu cha Berakhoti ukurasa wa 11, walijua imeandikwa nini na wakachagua lugha ya staha. Mi naliona hilo neno moja kama kovu. Huwezi kuanza kila asubuhi kwa kumwambia Mungu wewe ndo umeumba ubaya, ulimi unakataa, lakini pia huwezi kumpa mwingine. Ukiliangalia vizuri giza wameliacha, hawakulitoa, asubuhi jua linatoka wanalitaja giza ili pasiwepo wa kusema giza lina mwenyewe.

Na Wazoroasta waliwabana hapohapo. Karne ya 9, wakati Uislamu ushatawala Irani, Mzoroasta mmoja anaitwa Mardan-Farrukh aliandika kitabu cha kujibu dini nyingine, na Mwanzo ya Musa ameipitia kama wakili. Kama Mungu anajua yote, kwanini anamuuliza Adamu uko wapi? Kama ni mwema na hana mpinzani, yule nyoka kaingiaje bustanini? Ubaya ukitoka kwake yeye si mwema kamili, usipotoka kwake basi kuna chanzo kingine, na ndo sisi tunachosema siku zote. Hoja hiyo haijaisha nguvu. Ukiisoma baada ya mauaji ya Wayahudi huko Ulaya kati ya 1941 na 1945 inauma zaidi.

Majibu ya Kiyahudi yapo mengi na hayafanani. Maimonides, rabi na mwanafalsafa wa karne ya 12, anasema ubaya sio kitu, ni kukosekana kwa kitu, kama giza ni kukosekana kwa nuru, na anaongeza kwamba mabaya mengi tunafanyiana wenyewe au tunajifanyia. Ni safi kifalsafa, lakini mi haijawahi kunitosha, aliyefiwa hasikii kukosekana kwa kitu, anasikia kitu. Watu wa Kabala, ile elimu ya siri ya Kiyahudi, kuanzia kitabu cha Zohari huko Hispania mwishoni mwa karne ya 13, wakasogea upande wa pili, wakaongea habari za "upande mwingine" wenye ngazi na majeshi yake, mpaka kuna Wayahudi wenzao waliohisi harufu ya Uajemi. Ila hata humo ule upande hauna uhai wake, unanyonya kutoka kwenye utakatifu kama kupe kwa ng'ombe, ukikatiwa unakufa.

Kwaiyo kijana wenu mwambie hivi, Wayahudi walikaa na imani hiyo mlango kwa mlango, wakachota rangi zake, wakaikataa pale penye moyo wake, na walijua kabisa inawagharimu nini.

Na ukitaka kuona tofauti yote kwa macho nenda kwenye msiba. Chukua mji kama Mahoza, kando ya mto Tigri, alikofundisha Rava karne ya 4, ng'ambo ya ikulu ya Waajemi. Nyumba mbili zinatazamana na kila moja ina maiti. Kwa Mzoroasta analetwa mbwa amtazame maiti, manake mauti ni shambulio la adui na pepo la mizoga limeshatua pale, na mwili hauzikwi ardhini, ardhi ni safi, ni ya Mungu, huwezi kuichafua kwa kazi ya Ahriman. Unaachwa mahali pa wazi mpaka ibaki mifupa. Kwa Myahudi wanauosha mwili, wanauzika ardhini kama Mwanzo ilivyosema mavumbini utarudi, na mfiwa anasimama wima, anashika nguo yake kifuani anaichana, na akiwa anaichana anatamka baraka, ndio, baraka, kwasababu Mishna inasema mtu anapaswa kubariki kwa baya kama anavyobariki kwa jema: umebarikiwa wewe Bwana, Hakimu wa kweli. Hiyo ni ileile ya Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", tunayoisoma kila msiba hapa kwetu.

Talmudi inasema, Yevamoti ukurasa wa 63, kwamba makuhani wa moto walipopata nguvu walikuwa wakiyafukua makaburi ya Wayahudi na kuwatoa wafu.